Bando linakwisha, diski C inajaa: pima kwanza, kufuta baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Songea. Nina laptopu ya Windows 11, RAM GB 8, SSD ya GB 128. Intaneti naipata kwa kuwasha hotspoti ya simu. Najiunga bando la wiki la GB 10, lakini siku ya tatu tu limekwisha, na kazi zangu ni barua pepe, maandalio ya somo na kutafuta mitihani ya miaka iliyopita. La pili, diski C ilikuwa na nafasi ya GB 40 mwanzoni mwa mwaka, sasa imebaki GB 6, na hakuna programu mpya niliyoweka. Fundi wa mtaani kaniambia ni virusi, nipige Windows upya. Nimsikilize?

Jibu: Mwalimu, usipige Windows kwanza. Fundi wako huenda amesema kwa nia njema, lakini amekuandikia dawa kabla ya kupima. Kupiga Windows upya kunafuta programu zako, na mara nyingi mafaili yako pia. Kisha mashine inaanza kushusha masasisho tangu mwanzo kwa bando lako hilohilo, na mipangilio iliyokuwa inakula data inarudi ikiwa imewashwa. Baada ya wiki mbili utajikuta pale pale, safari hii huna hata maandalio yako.

Malalamiko yako mawili nayachukua kama shauri moja. Data inayopita kwenye laptopu ina njia tatu tu: inaandikwa kwenye diski na kukaa, inapita kama video unayotazama mtandaoni, au inatoka kwenda nje. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote chukua karatasi uandike namba mbili: nafasi iliyobaki kwenye diski C leo asubuhi, na data ambayo hotspoti imetumia hadi muda huo. Kesho asubuhi ziandike tena. Data ikiwa imeondoka GB 3 na diski imepungua kiasi kinachokaribiana, kuna kitu kinashushwa na kuhifadhiwa. Data ikiwa imeondoka na diski haikutikisika, tafuta video, tafuta kitu kinachopandishwa, au tafuta mtu mwingine kwenye hotspoti yako. Diski ikipungua hata siku ambayo hukuwasha hotspoti kabisa, basi bando halihusiki, ni Windows au programu iliyomo ndani inayoandika. Karatasi hiyo itakuokolea muda mwingi kuliko programu yoyote ya kusafisha kompyuta.

Namba ya data ichukue kwenye simu. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data. Kwenye Android nyingi hotspoti ina mstari wake peke yake katika orodha ileile yenye WhatsApp, TikTok na YouTube. Kati ya GB 10, hotspoti ikiwa imebeba GB 3 tu, laptopu haina kesi kubwa. Bando limeliwa na simu yenyewe, na mara nyingi ni zile video fupi zinazocheza zenyewe kadiri unavyopitisha kidole. Hotspoti ikiwa imebeba GB 8, ndipo ugeukie laptopu.

Huko fungua Settings, nenda "Network & internet", halafu "Advanced network settings", halafu "Data usage". Programu zimepangwa hapo kuanzia iliyotumia zaidi kwa siku 30 zilizopita. Juu kuna sehemu ya kuchagua mtandao. Chagua Wi-Fi, kisha chagua na Ethernet, maana ukiunganisha simu kwa waya wa USB, Windows inauchukulia waya huo kama Ethernet. Watu wengi hutazama Wi-Fi peke yake, wakaona namba ndogo, wakahitimisha kwamba kampuni ya simu inawaibia.

Sasa linganisha kipindi kwa kipindi. Simu ikisema hotspoti imetoa GB 30 mwezi huu na laptopu inakiri GB 9, hizo 21 zimekwenda kwa mtu mwingine. Kwenye ofisi ya walimu hili ni jambo la kila siku. Ulimpa mwenzako nywila siku moja atume matokeo, simu yake ikaikumbuka, na tangu hapo kila ukiwasha hotspoti inajiunga yenyewe na programu zake zinaweza kuanza kujisasisha zikidhani zimefika kwenye Wi-Fi ya ofisi. Fungua ukurasa wa hotspoti kwenye simu yako uone vifaa vilivyounganishwa, kisha badilisha nywila. Huhitaji kumlaumu mtu.

Orodha ya siku 30 inakupa jina la mlaji, lakini kumkuta akiwa anakula kunahitaji dirisha lingine. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `resmon` (Resource Monitor, kipimo cha Windows yenyewe), bonyeza Enter, kisha fungua kichupo cha "Network". Funga kivinjari, funga kila ulichokuwa unafanya, kaa dakika kumi bila kugusa mashine. Safu ya "Receive" ni data inayoingia, "Send" ni inayotoka, zote kwa baiti kwa sekunde. Namba hizo ni rahisi kuzidharau. Ukiona programu imesimama kwenye 125,000 na haishuki, hiyo ni kasi ya megabiti moja tu kwa sekunde, kasi ambayo hata hutaihisi ukiwa unafungua barua pepe. Lakini kwa saa moja ni MB 450. Laptopu ikikaa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni ni GB 3.6. Zidisha kwa siku tatu upate GB 10.8, yaani bando lako lote la wiki, bila wewe kutazama video hata moja.

Jina utakalolikuta hapo mara nyingi litakuwa `svchost.exe`. Usiogope ukidhani ndiyo virusi. Ni jina la pamoja la huduma nyingi za Windows, na iliyo maarufu kwa kula data ni ile inayoshusha masasisho. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa maelezo uliyonipa huyu ndiye mshukiwa wangu wa kwanza.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya kule. Ukikumbuka kwamba bando lako hukatika ghafla Jumatano au Alhamisi ya wiki hiyo, tayari una fununu. Sasisho la kawaida la mwezi linaweza kuwa mamia ya MB au kuzidi GB moja, na lile kubwa la mwaka, linalobadilisha toleo la Windows 11, linaweza kufika GB kadhaa.

Ugumu unaanza diski inapokuwa imebana kama yako. Windows inashusha sasisho na kuanza kulifungua. Ili lifunguke linahitaji nafasi kubwa kuliko faili lenyewe lililoshushwa, na nafasi hiyo haipo. Usakinishaji unakufa katikati, mabaki yanabaki kwenye diski, na baada ya muda Windows inajaribu tena. Kila jaribio linaweza kula bando jipya na kuacha mabaki mengine. Diski iliyojaa inasababisha bando kuisha, na bando linaloisha linazidi kujaza diski. Hivyo ndivyo malalamiko mawili ya mtu mmoja yanavyokuwa na chanzo kimoja.

Kuthibitisha ni rahisi. Settings, "Windows Update", kisha "Update history". Ukiona sasisho lilelile limeandikwa "Failed to install" mara nyingi kwa tarehe tofauti, umeshampata. Soma na namba ya kosa iliyo mbele yake: `0x80070070` maana yake nafasi kwenye diski haitoshi. Halafu fungua diski C, uwashe uonyeshaji wa vitu vilivyofichwa, utazame kama kuna folda iitwayo `$WINDOWS.~BT`. Hiyo ndiyo karakana ya sasisho kubwa, na ikiwa imelala hapo na GB zake wakati hakuna sasisho linaloendelea, ni mabaki.

Ukiwa umethibitisha, na ukiwa umethibitisha tu, fanya hivi. Zima hotspoti. Tafuta "Command Prompt", bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator". Andika `net stop wuauserv`, Enter, kisha `net stop bits`, Enter, ili kusimamisha huduma zinazoshusha masasisho. Nenda kwenye `C:\Windows\SoftwareDistribution\Download`, ufute yaliyomo ndani lakini uiache folda yenyewe. Rudi uandike `net start bits` na `net start wuauserv`. Mabaki ya `$WINDOWS.~BT` usiyafute kwa mkono. Nenda Settings, "System", "Storage", "Temporary files", uweke tiki kwenye mabaki ya masasisho, na kama lipo, "Previous Windows installation(s)". Hilo la mwisho ni Windows yako ya zamani iliyowekwa akiba baada ya kupanda toleo. Kwa kawaida hujifuta lenyewe baada ya siku 10, na likikaa ni GB nyingi. Hapo pia utakuta mstari wa "Downloads". Usiutie tiki kabla hujaukagua, maana ni folda yako ya Downloads yenyewe, na mitihani yako yote imo humo.

Masasisho usiyazime moja kwa moja. Najua kuna video nyingi zinazofundisha kuiua huduma ya masasisho isiamke tena. Laptopu inayobeba mitihani na alama za wanafunzi haitakiwi kukaa bila kinga kwa sababu ya bando. Unachotaka ni kuchagua mwenyewe siku na mtandao wa kuyashushia, na nitakuonyesha namna hapa chini.

Mshukiwa wa pili ni OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Ulipoanza kutumia laptopu ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, kuna uwezekano mkubwa ulikubali Desktop, Documents na Pictures zihifadhiwe mtandaoni bila kusoma vizuri ulichokuwa unaulizwa. Kuanzia hapo kila faili unaloweka kwenye Desktop linapandishwa, na nafasi ya bure ni GB 5 tu. Na kama una OneDrive kwenye simu nayo inapandisha picha za kamera, basi video uliyopiga siku ya mahafali inapanda kutoka kwenye simu kwa bando lako, kisha inaweza kushuka kwenye laptopu kwa bando hilohilo na kukaa kwenye diski C.

Tazama alama zilizo kando ya mafaili ndani ya folda ya OneDrive. Wingu la bluu maana yake faili lipo mtandaoni tu, halikai kwenye diski. Tiki ya kijani maana yake limeshushwa na linachukua nafasi. Yale usiyoyahitaji kila siku, bofya kwa kitufe cha kulia uchague "Free up space". Tafadhali usichague "Delete" ukidhani unapunguza mzigo wa laptopu peke yake. Ukifuta humo unafuta na mtandaoni, na kwa akaunti binafsi una siku 30 tu za kuyarudisha kutoka kwenye pipa la taka la OneDrive.

Telegram na WhatsApp za kwenye laptopu ndizo zinazofuata, na kwa walimu nazipa uzito kuliko kwa watu wengine. Makundi ya masomo yanarusha mitihani ya PDF, video za mafunzo, sauti za vikao, usiku na mchana. Video iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp inashushwa na simu mara moja na laptopu mara ya pili, kila kifaa kwa hesabu yake, na zote mbili zinatoka kwenye bando moja. Kwenye Telegram ya kompyuta nenda Settings, "Advanced", kisha kwenye "Automatic media download" uzime kwa makundi na kwa chaneli. Hapo hapo kuna "Manage local storage": utaona akiba, yaani nakala za picha na video ilizokwisha kushusha, imefika GB ngapi, utaweza kuifuta, na utaiwekea kikomo. Akiba hiyo ikifutwa hupotezi kitu, ujumbe wote uko kwenye seva za Telegram. Tofautisha na folda ya "Telegram Desktop" iliyo ndani ya Downloads: hayo ni mafaili uliyoyahifadhi mwenyewe, yakague moja moja. WhatsApp nayo ina sehemu yake ya kuzima ushushaji wa picha na video wa moja kwa moja. Zima video kwanza.

Wengine niwataje kwa haraka. Kama kuna mtu aliwahi kukuwekea uTorrent ili ashushe filamu, programu hiyo haiachi kazi filamu ikishakamilika. Inaendelea kuwapelekea wengine vipande kwa bando lako. Iondoe. Windows nayo ina kitu kinachofanana, kinaitwa "Delivery Optimization", kimo kwenye "Windows Update", "Advanced options". Kinaruhusu laptopu yako kugawia kompyuta nyingine masasisho iliyokwisha kushusha. Kwenye mtandao wa ofisi wenye kompyuta nyingi kina faida. Kwa mtu wa hotspoti kizime. Na wale wenye laptopu zenye nguvu kuliko yako, hasa za RAM GB 16 na kuendelea, watazame ndani ya folda ya Chrome kama kuna folda iitwayo `OptGuideOnDeviceModel`. Chrome ya sasa hushusha modeli ya akili mnemba ya takriban GB 4 kwenye mashine zinazokidhi vigezo, kimya kimya, diski ikiwa na nafasi ya GB 22 au zaidi. Nafasi ikishuka chini ya GB 10 inaifuta yenyewe, kisha inaweza kuishusha tena ukishasafisha. Mtu anaweza kuhangaika kutengeneza nafasi halafu akashangaa GB 4 zimepotea tena kesho yake.

Tuje kwenye diski yenyewe. Kwanza usishangae Windows ikikuonyesha GB 119 wakati umeuziwa GB 128. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows kwa 1,024; hakuna kilichoibwa.

Shusha programu iitwayo WizTree, ni ya bure kwa matumizi binafsi na ukubwa wake ni MB chache tu. Ifungue kwa "Run as administrator", la sivyo haitaziona folda zilizofungwa. Ndani ya sekunde chache itakupangia diski nzima kuanzia folda kubwa hadi ndogo, pamoja na tarehe faili lilipoguswa mara ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo ya kuitazama sana. Wewe hutafuti kilicho kikubwa tu, unatafuta kilichokua tangu mwanzo wa mwaka, kile kilichokutoa kwenye GB 40 kukufikisha 6.

Kwa mfano, juu ya orodha utakuta `hiberfil.sys`, faili ambamo Windows huhifadhi kazi yako laptopu inapolala. Kwa RAM ya GB 8 litakuwa kama GB 3.2, maana kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya RAM. Mafundi wengi wakiliona wanaruka nalo. Lakini lilikuwepo tangu siku ya kwanza, haliwezi kuwa ndilo lililokula GB 34. Kulipunguza kunakupa unafuu, na hapo una uamuzi wa kufanya. Kwenye ile Command Prompt ya administrator, amri ya `powercfg /h off` inaliondoa lote, ila laptopu itapoteza uwezo wa kulala huku ikiwa imehifadhi kazi yako kwenye diski. Kwa mtu ambaye umeme hukatika na betri yake imechoka, mimi nisingeiondoa. Ukitaka njia ya kati, `powercfg /h /type reduced` inalipunguza nusu na kubakiza uwashaji wa haraka, lakini kule kulala kwa diski bado utakukosa.

Ukishuka chini utafika kwenye `Users`, jina lako, `AppData`, folda ambamo programu huweka mafaili yake. Humu ndimo ninamotarajia ukute sehemu kubwa ya GB zako. Fungua `Local` na `Roaming` uone ni programu gani imevimba, kisha usifute kutoka hapa. Nenda kwenye mipangilio ya programu yenyewe ukaifute akiba yake huko. Ukikuta kinachokua kila siku lakini hujui kinaandikwa na nani, rudi kwenye `resmon`, kichupo cha "Disk". Pale utaona faili linaloandikwa wakati huohuo na jina la programu inayoliandika.

Kuna folda tatu ambazo WizTree itakuonyesha ni kubwa na mkono utakuwasha: `WinSxS`, `Installer` na `System32`, zote ndani ya `C:\Windows`. Usifute hata faili moja humo. `WinSxS` huonekana kubwa kuliko ilivyo kwa sababu mafaili mengi yanahesabiwa mara mbili, na ukitaka kuipunguza tumia amri ya Windows yenyewe: `Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup`. Ukifuta yaliyomo kwenye `Installer`, siku unataka kusasisha au kuondoa programu fulani itagoma. Laptopu ambazo kweli zimehitaji kupigwa Windows, nyingine zimefika huko kwa sababu mtu alifuta humu.

Lengo lako liwe kubaki na GB 20 wazi wakati wote. Chini ya hapo masasisho makubwa yatakwama tena, na SSD iliyojaa sana inapunguza kasi.

Sasa ile namna niliyokuahidi ya kuchagua mwenyewe siku na mtandao wa kushushia masasisho. Unganisha laptopu kwenye hotspoti yako, nenda Settings, "Network & internet", "Wi-Fi", fungua sifa za mtandao huo, uwashe "Metered connection". Umeiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Kuanzia hapo haitashusha masasisho mengi bila ruhusa yako, OneDrive itasimama yenyewe, na programu za Microsoft Store hazitajisasisha. Hii peke yake kwa watumiaji wengi wa hotspoti hupunguza matumizi kwa kiasi cha kuonekana siku ya kwanza.

Lakini ina mipaka yake. Windows inaukumbuka mpangilio huu kwa jina la mtandao. Ukibadilisha simu, au ukibadilisha jina la hotspoti, ni mtandao mpya na unaanza bila kizuizi. Ukitumia waya wa USB, uwashe pia upande wa Ethernet. Na hauizuii Telegram wala YouTube: hizo utazidhibiti zenyewe, YouTube kwa kushusha ubora hadi 480p na kuzima uchezaji wa moja kwa moja. Masasisho yashushe mara moja kwa mwezi, baada ya ile Jumanne ya pili, ukiwa kwenye Wi-Fi ya shule, au usiku kama laini yako ina bando la usiku la bei nafuu. Chomeka chaja, hakikisha nafasi ipo, uache limalizike kwa mara moja.

Nimebakiza virusi, kwa sababu fundi wako hajakosea kulitaja neno hilo. Zipo programu hasidi zinazouza intaneti ya mtu kwa wengine bila yeye kujua, na mlango wake mkubwa ni programu za kuvunja leseni, zile za kuiwezesha Windows au Office bila kulipa. Dalili yake utaiona kwenye vipimo ulivyokwisha kufanya: safu ya "Send" kubwa kuliko "Receive" kwa muda mrefu, kutoka kwenye jina usilolijua, wakati OneDrive imezimwa na hakuna kitu unachopandisha. Ukiiona, fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", uchague ukaguzi wa "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Hifadhi kazi zako kwanza, maana laptopu itajizima na kuwaka upya. Ukaguzi huchukua kama dakika 15.

Ikiwa baada ya hapo jina lilelile linarudi na kuendelea kutoa data, basi fundi alikuwa sahihi na Windows ipigwe upya. Nakili maandalio na mitihani kwenye diski ya nje au flashi, lakini usinakili programu. Nenda Settings, "System", "Recovery", "Reset this PC", uchague "Remove everything". Utaulizwa kama unataka "Cloud download" au "Local reinstall". Ya kwanza inaweza kutumia zaidi ya GB 4 za data, kwa hiyo kwa bando lako chagua ya pili. Laptopu ikishawaka na kuunganishwa na hotspoti, kabla hujafungua kitu kingine chochote, iwashie tena "Metered connection".